Kumonita otopailoti wakati wa kushuka: mwongozo kamili kwa fasti ofisa (rubani msaidizi) mpya, mfano wa Dar kwenda KIA

Wadogo zangu mnaoingia kwenye jeti sa hivi mna swali moja mnanirudia nalo kila siku, "kapteni, kama otopailoti ndo inarusha, mi pale nakaa nafanya nini?" na jibu mnalopewa darasani ni kwamba unamonita, sawa, ila hilo neno limesemwa mpaka limeisha ladha na wengi wanadhani kumonita ni kukodolea macho skrini. Kodoa dakika ishirini uone, macho yatakuwa wazi na kichwa kishafika Moshi kinakula ndizi nyama.

Kumonita ni kutabiri afu kukagua. Kabla mashine haijafanya kitu we ushasema itafanya nini, kwa sauti au kimoyomoyo, afu unaangalia kama imefanya kweli. Usipotabiri huna cha kulinganisha, kwa hiyo mashine ikikosea (au we ukiwa umeikosea, maana mara nyingi ndo inavyokuwa) utaona namba tu zimekaa vizuri kwenye skrini. Na hili siyo dogo, mwaka 1994 NTSB, bodi ya kuchunguza ajali ya Marekani, ilitoa uchunguzi wa ajali kubwa 37 za kati ya 1978 na 1990 zilizohusisha makosa ya marubani, 31 kati ya hizo zilikuwa na kasoro ya kumonita au ya kutomwambia mwenzio kwamba hapo unakosea.

Nitatumia mfano wa kutoka Dar kwenda Kilimanjaro na A320 kwa sababu ndo nilianzia, na KIA haikusamehei ukilala, uwanja uko futi 2,932, kaskazini mashariki una Kibo futi elfu 19 na 300 hivi, kaskazini magharibi una Meru inakaribia elfu 15. Ndege nyingine majina ya modi (namna otopailoti inavyorusha) yanabadilika ila mchezo ni uleule. Na taratibu za kampuni yako ndo sheria, haya yangu ni ya kujazia.

Hatua ya 1: piga hesabu yako kabla hujaangalia ya kompyuta

Ukiwa bado juu, mfano futi 34,000, usianze kwa kuangalia kile kimshale kinachoonyesha wapi pa kuanza kushuka. Anza na kichwa. Uwanja ni kama elfu 3, kwa hiyo una futi elfu 31 za kupoteza, zidisha kwa 3 unapata maili 93, ongeza kama 10 za kupunguza spidi, unakuwa na maili mia na kidogo, kama upepo unakusukuma kutoka nyuma ongeza kidogo tena. Sasa ndo angalia kompyuta. Ikisema 100 au 108, mko pamoja. Ikisema 75 kuna mmoja wenu kakosea na kabla hujaanza kushuka una muda wa kumtafuta nani.

Kwa KIA kuna mtego, kutoka Dar unatokea kusini mashariki, na ukipewa ranwei 09 unatakiwa kwenda mpaka magharibi ya uwanja kwanza ndo ugeuke urudi, kwa hiyo hizo maili ni za njia utakayopita, siyo za kunyoosha kamba. Watu wengi huwa wako sawa kabisa kwenye hesabu afu kontrola anawapa 27 (ranwei hiyohiyo, ila unaingia kutokea mashariki) dakika za mwisho, maili kibao zinakatika ghafla na ndege iko juu sana. Kwa hiyo kwenye brifingi sema kabisa, wakitupa 27 mimi nitafanya hivi na hivi, na nikifika maili fulani bado niko juu ya kimo fulani naomba kuzunguka.

Hatua ya 2: mmoja asome chati, mwingine asome kompyuta

Msisome wote kitu kimoja. Yule anayerusha asome chati ya karatasi au ya tablet, anayemonita asome kilichoko kwenye kompyuta, jina la pointi, uelekeo, maili, kimo, moja baada ya nyingine mpaka ranwei. Inachosha najua, ila ndo inakamata ile takataka ambayo jicho moja haliwezi.

Na mkibadilisha pointi mkiwa hewani, usibonyeze kitufe cha kukubali mpaka wote wawili mmeuona ule mstari wa katikakatika kwenye ramani na mmekubaliana unaelekea mnakotaka. Boeing 757 ya American Airlines, flaiti 965, tarehe 20 Desemba 1995 usiku ilikuwa inashuka kwenda Cali, Colombia, wakataka kwenda moja kwa moja kwenye bikoni ya Rozo, kwenye chati imeandikwa R, wakaingiza R, kompyuta ikawaletea ya kwanza kwenye orodha ambayo ilikuwa Romeo, karibu na Bogotá. Ndege ikaanza kukata kushoto kuelekea milimani huku inashuka na wao wanatafuta wako wapi. Watu 163 ndani, wakapona 4. Kompyuta haikuharibika, ilifanya kilekile ilichoambiwa.

Hatua ya 3: kimo, vidole viwili

Kontrola akitoa kimo kipya, anayemonita anajibu redio, anayerusha anazungusha kile kidude cha kimo, afu *wote* wananyooshea kidole ile namba na kuisoma, na namba unayoisoma ni ile iliyoko kwenye skrini yako, siyo ile iliyobaki masikioni. Kama mmesikia tofauti, ulizeni tena, hata kama kontrola ana mzuka siku hiyo, hamna aliyewahi kufukuzwa kazi kwa kuuliza.

Hii ina historia ya hapahapa kwetu. Mwaka 1974 Boeing 747 ya British Airways ilikuwa inaingia Nairobi, ikaruhusiwa kushuka mpaka futi 7,500, marubani wakasikia 5,000, wakajibu 5,000, haikushtukiwa, wakaiweka. Sasa uwanja wa Nairobi uko futi elfu 5 na 300 na ushee, yani otopailoti iliambiwa ikasimame futi mia tatu *ndani ya ardhi*, na ikawa inaenda kwa utiifu kabisa. Walitoka mawinguni wakaona nyasi, wakavuta, wakakoswa na ardhi kwa kama futi 70. Kwa hiyo jiwekee swali moja kila ukiweka kimo: hii namba inalingana na uwanja ninaokwenda? Kwa KIA, ukijikuta umeweka 2,500 kwa sababu jana ulikuwa Dar ambako 2,500 ni kimo cha kawaida tu, hapo umejichimbia.

Hatua ya 4: soma modi, usisome kitufe

Hapa ndo nataka tukae. Juu kabisa ya skrini yako kuna ule mstari wa modi, wenyewe tunauita FMA, ndo mahali pekee mashine inakwambia ukweli inafanya nini. Kitufe ulichobonyeza ni ombi tu. Taa ya kitufe nayo siyo jibu. Jibu liko FMA. Kwa hiyo utaratibu ni: sema unachotaka, bonyeza, *soma FMA kwa sauti*, afu angalia kama ndege imetii, pua imeshuka, injini zimetulia, mshale wa kushuka umeanza kutembea. Wengi wanaishia kwenye kubonyeza.

Flaiti 507 ya Kenya Airways, Douala, tarehe 5 Mei 2007, yenyewe ilikuwa inaruka na siyo kushuka ila funzo ni hilihili, kapteni alitamka otopailoti ishike, hakujibiwa, ikachukuliwa kama vile imeshika, kumbe haikushika na haikukaguliwa, ndege ikawa inalala kulia polepole gizani bila wa kuirusha. Watu 114, wote.

Sasa modi za kushuka kwenye A320, kwa kifupi tatu. DES, ambayo inafuata njia iliyopigiwa hesabu na inaheshimu vimo vyote vilivyoandikwa kwenye chati. OP DES, injini zinatulia na ndege inashuka mpaka kimo ulichoweka, haijali vimo vya katikati kabisa (wa Boeing hiyo kwenu ni FLCH). Na V/S, inashuka kwa futi ulizosema kwa dakika, haina akili nyingine, haijui mlima, haijui njia, haijui uwanja.

Kosa langu mwenyewe ni hili. Nilikuwa fasti ofisa mwaka wa kwanza, kampuni jina tuliache, jioni tunakwenda KIA, kontrola akatushusha mapema kabla ya pointi yetu. Ukishuka mapema kwenye DES ndege inashuka taratibu kama futi 1,000 kwa dakika ikisubiri kuikuta ile njia, vizuri kabisa. Ikafika wakati tukapewa hedingi (uelekeo wa kurushia) kukwepa wingu kubwa, kapteni akavuta kidude cha hedingi, ndege ikageuka, sote tukaangalia ikigeuka, safi. Tusichoangalia ni kwamba ukitoka kwenye njia ya kompyuta DES haiwezi kubaki, inajigeuza V/S kwa namba ileile iliyokuwa nayo wakati huo. Kwa hiyo FMA ikaandika V/S na -1000 ikagandia hapohapo. Ilivuka njia ikaendelea na futi zake elfu moja wakati tulihitaji elfu mbili na zaidi, kila dakika inayopita tunabaki juu kwa elfu na mia mbili nyingine, na mimi nilikuwa najaza karatasi ya mafuta. Aliyenishtua siyo skrini, ni Meru, niliona kilele kiko *chini* yangu na maili zimebaki chache, nikasema "kapteni, mbona tuko juu hivi?" Akaangalia juu ya skrini akanyamaza kidogo, afu akasema "ah." Tukaomba mzunguko mmoja, abiria wakapata picha za mlima bure, ikaisha hivyo.

Ile -1000 ilikuwa inasomeka muda wote, tena kwa maandishi makubwa. Hatukuwa na utabiri. Laiti mmoja wetu angesema wakati kapteni anavuta hedingi, "ikitoka kwenye njia DES itakuwa V/S", macho yangeenda yenyewe pale juu kuthibitisha. Toka siku hiyo mtu akishika kidude chochote mi kichwani najiuliza vitu viwili, modi gani inaingia na *modi gani inatoka*. Hiyo ya pili ndo watu wanaisahau.

Na angalia namba na modi kwa pamoja. Airbus A320 ya Air Inter, tarehe 20 Januari 1992, inaingia Strasbourg usiku, maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba waliweka 33 wakidhani ni nyuzi 3.3 za mteremko, modi ilikuwa ya futi kwa dakika, kwa hiyo ikawa futi 3,300 kwa dakika badala ya kama 800. Wakagonga mlima Sainte-Odile, wakafa 87. Baadaye dirisha likabadilishwa lionyeshe tarakimu nne kamili. Kwa hiyo leo ukiona dirisha linasema -0800 au -3.0° jua kuna watu walilipia hizo tarakimu, zisome zote.

Hatua ya 5: QNH

QNH ni ile presha ya hewa unayoiweka kwenye altimita, yani kipimo cha kimo. Huku kwetu ikweta presha haichezi sana, leo 1014 kesho 1016, ndo maana tunazembea nayo. Usizembee. Hektopaskali moja ni kama futi 28, ukiweka kumi zaidi ya sahihi uko futi 280 chini ya unapodhani, na otopailoti haitalalamika kwa sababu yenyewe inaamini altimita kama we unavyoiamini. Mei 2022 A320 iliyokuwa inaenda Paris Charles de Gaulle ilipewa na kontrola 1011 wakati sahihi ilikuwa 1001, wakaja na apruchi ya satelaiti ambayo kimo chake kinategemea altimita, kila kitu kwenye skrini kiko katikati kabisa, mvua, hawaoni chini, na redio altimita (inayopima kimo kutoka ardhini kwa mawimbi ya redio) ilifika futi 6 juu ya ardhi wakati wanaghairi kutua na kupaa tena kuzunguka, kabla hata ya ranwei.

Dawa: QNH ya kontrola ilinganishe na ya ATIS (taarifa ya uwanja iliyorekodiwa) au ya ripoti ya hali ya hewa uliyopata mapema. Zikitofautiana zaidi ya moja au mbili, uliza. Afu kwenye apruchi za namna hiyo redio altimita ndo shahidi wako, tabiri inatakiwa kusoma ngapi kwenye maili fulani, angalia.

Hatua ya 6: muda wa kuinamisha kichwa

Futi elfu moja za mwisho kabla ya kufika kimo ulichoweka, ndege ikiwa inageuka, na ukiwa chini ya futi elfu 10, hakuna karatasi, hakuna kuongea na kabini kuhusu kiti cha magurudumu, hakuna kuchapa kompyuta kama siyo lazima. Na wakati wowote kichwa kimoja kikiinama, kingine kiko juu na mwenyewe anajua kwamba ndo zamu yake, "niko chini", "niko juu". Kwa KIA kumbuka elfu 10 ya altimita ni elfu 7 tu juu ya uwanja, kwa hiyo mi huwa naanza ukimya mapema, kwenye 13,000.

Hatua ya 7: vituo vya njiani

Usisubiri mwisho ndo ujue uko juu. Weka vituo: futi elfu 10 *juu ya uwanja* kwenye maili 30 na spidi noti 250, futi elfu 3 juu ya uwanja kwenye maili 10 na spidi kama 200 au chini (noti hizi za spidi, siyo za benki). Kila kituo kitamke kabla hujafika na ukifika sema uko juu, chini au sawa. Ukitoa spidibreki, mkono ubaki palepale kwenye kishikio mpaka uzirudishe, kule Cali walipoambiwa na mashine wavute walivuta kwa nguvu zote na spidibreki zikabaki zimefunguka.

Hatua ya 8: kukamata njia ya mwisho na kuangalia spidi

Ukikamata glaidislopu (wimbi la redio linaloonyesha mteremko wa kutua) kutokea juu kuna mawimbi ya uongo, kwenye nyuzi 6 na 9, na otopailoti inaweza kushika la uongo kwa furaha. Njia ya nyuzi 3 ni kama futi 320 kwa kila maili, kwa hiyo maili 5 kutoka ranwei ya KIA altimita inatakiwa isome 4,500 na ushee. Ikisoma 6,100 na alama iko katikati, alama inadanganya. Na ukishaishika, futi za kushuka kwa dakika ni spidi ya ardhini mara 5, ukiwa na noti 140 unatarajia 700. Ukiona 1,300 kuna kitu.

Afu nguvu ya injini. Asiana 214, San Francisco, tarehe 6 Julai 2013, Boeing 777, mchana kweupe hamna wingu, waliamini ototrotili (inayorekebisha nguvu ya injini yenyewe) itashika spidi kumbe iko kwenye HOLD, yani imeachia, spidi iliyotakiwa ni 137 ikashuka mpaka 103 hivi. Turkish 1951, Amsterdam, tarehe 25 Februari 2009, redio altimita ya kushoto ya 737 ilikuwa inasoma futi -8 kwa hiyo ototrotili ikadhani wako chini wanatua, ikaandika RETARD na kutoa nguvu zote mapema, maandishi yakakaa pale. Kwa hiyo chini ya futi elfu moja na nusu mzunguko wa macho yangu ni spidi, FMA, nje, spidi, na mkono uko kwenye trotili. Kwenye Boeing utazisikia zikitembea mkononi, kwenye Airbus hazitembei, zimekaa kwenye kituo chake tu, kwa hiyo usitegemee mkono, angalia N1 (mzunguko wa injini) na kile kimshale cha spidi kinaelekea wapi.

Hatua ya 9: namna ya kumwambia mzee

Hapa tuseme ukweli, tumelelewa kuamkia, mtu aliyekuzidi miaka ishirini huwezi kumwambia "umekosea", na ukijaribu kwa adabu unatoa sentensi kama "samahani kapteni, sijui kama ni mimi tu lakini naona kama vile spidi inapungua kidogo". Ukimaliza hiyo sentensi spidi imeshapungua noti nane. Adabu ipeleke kwenye shikamoo ya asubuhi, kokpiti ikishuka toa namba: "Kapteni, spidi 128, inatakiwa 137." Namba haimvunjii mtu heshima. Asipojibu, namba tena na cha kufanya: "Spidi 125, ongeza nguvu." Asipojibu tena chini ya futi elfu moja, unaamuru kuzunguka, na kama bado, unachukua ndege kwa ile kauli ya Kiingereza mliyofundishwa, kwa sauti ya kusikika. Na nyie makapteni wenzangu, ukiambiwa namba jibu "asante", hata kama ulikuwa ushaiona, maana ukimkata leo kesho atakaa kimya.

Hatua ya 10: shusha daraja mapema

Mashine ikikushangaza, ile hali ya "inafanya nini hii?", usianze kuidadisi ukiwa unashuka. Ondoka kwenye kompyuta nenda kwenye hedingi na kimo unachoweka mwenyewe, na kama bado haieleweki zima otopailoti urushe kwa mkono, pua hapa, nguvu hapa, si ndo ulisomea? Kurekebisha kompyuta chini ya elfu 10 ni kama kutafuta chenji mfukoni huku unavuka Morogoro Road. Futi elfu moja juu ya uwanja kama spidi, njia, flapsi, magurudumu na nguvu havijakaa sawa, mnazunguka, hamna mjadala wala kura.

Na mkishapaki, kabla hamjashuka kwenye gari la wafanyakazi, ulizaneni kitu kimoja: leo mashine ilitushangaza wapi? Andika kwenye kidaftari, modi iliyokuwepo, modi uliyotarajia, mahali. Cha kwangu kina ukurasa wa kwanza umechakaa sasa, umeandikwa DES, mshale, V/S -1000, KIA, na pembeni kwa kalamu nyekundu: karatasi ya mafuta.